Aliyepiga Hodi Nakitenga

Nanyamba,
12 Machi 1978

Kwa Mjomba Mathayo,

Shikamoo mjomba. Mpe shikamoo na mama Helena, na pole ya mguu, tumeisikia habari yake mpaka huku. Sisi tunasukuma siku. Muhogo wa bondeni umeliwa na nguruwe, wa mlimani upo. Mikorosho yetu imebaki kule mahame tulikohamishwa, kwenda kuipalilia na kurudi ni kutwa nzima, lakini tunakwenda. Darasa langu la ngumbaru linaendelea. Bibi Mwajuma ameandika jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza, akaliangalia, akaniuliza, "Mwalimu, hili likifutwa, mimi nitabaki?" Tulicheka mpaka kipindi kikaisha.

Mjomba, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Juzi nilifikiwa na wazee wawili kutoka ng'ambo ya mto, watu wa Nakitenga, kijiji chetu. Wamerudi kwao tangu Mreno alipoondoka. Wanasema mwezi wa tisa, mto ukipungua, kutakuwa na mkutano wa hadhara, na watu wa chama watakuwepo. Wote waliomtumikia Mreno wakati wa vita wanaitwa waseme wenyewe mbele ya watu. Na aliyewapeleka askari kichakani siku ile, wanasema wamempata. Ni Filipo, yule aliyekuwa akiuza chumvi, leo yuko vijijini, kesho yuko bomani kwa Wareno. Yeye anakataa. Sasa wanataka shahidi, na waliokuwa kichakani unawajua, hakutoka mtu hai isipokuwa mimi. Sura sikuona, ila sauti niliisikia. Wanataka nisimame mbele yake nisikilize anavyosema, halafu niseme ndiye au siye.

Kwetu mtoto ni wa mjomba wake. Siwezi kuvuka mto bila wewe kusema nenda. Basi sema. Na Filipo ulimjua ujana wenu. Alikuwa na sauti ya namna gani?

Mpwa wako,
Modesta


Ufukoni, Mtwara,
30 Aprili 1978

Mpwa wangu Modesta,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilifika mapema, dereva wa lori aliniletea mkononi. Aliyechelewa ni mimi, usimlaumu dereva. Helena anasema mguu ni wake na pole ataipokea mwenyewe, mimi nisimpokelee. Kwa hiyo ukija umpe tena.

Mimi bado ni mlinzi pale ghalani bandarini. Meli ya korosho imeondoka, sasa ghala ni tupu, tunalinda panya. Mlinzi mwenzangu Omari, Myao wa Masasi, ni mtani wangu, hanipi nafasi ya kupumua. Jana nimekwenda kwake kuomba moto, nikakohoa pale mlangoni kama kawaida yangu. Akaruka. "Mmakonde wewe! Unaingia kwa watu kama mwizi wa kuku! Kwenu hakuna hodi? Mkeo ulimposa kwa kukohoa?" Mkewe akacheka, na mimi nikacheka. Ni mazoea tu, mtu ana mazoea yake.

Nimekutumia khanga na sabuni, mwenye mzigo ni huyo aliyekuletea barua hii.

Kuhusu kuvuka. Mwaka huu mvua ilikuwa kubwa na mto una mamba, umesikia mwenyewe. Na njia zile bado zina mabomu yaliyofukiwa, watu wanakatika miguu mpaka leo. Una darasa lako. Waliokufa wamekufa, mwanangu, wapumzike. Filipo simkumbuki vizuri.

Mjomba wako,
Mathayo Namwewe


Nanyamba,
21 Mei 1978

Mjomba,

Shikamoo. Khanga nimeipokea, nzuri sana, na sabuni nimegawana na jirani. Mvua imekata. Bibi Mwajuma sasa anaandika jina lake hata kwenye vumbi la baiskeli za watu, wanaanza kumkasirikia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia mamba, umeniandikia mabomu, umeniandikia mtani wako. Nilichokuuliza hukujibu.

Sijawahi kukusimulia siku ile, na wewe hujawahi kuniuliza. Nilidhani ni huruma. Leo nakusimulia. Tulikuwa tumejificha kwenye kichaka cha makaburi ya ukoo, kinamama, vikongwe na watoto. Wanaume walikuwa wamekwenda msituni kupigana. Tuliambiwa askari wakipita, hata ukiumwa na siafu usikohoe. Mama alinikalisha mapajani, kiganja chake kimenifunga mdomo. Tukasikia viatu vyao vimefika, vikasimama. Hawakuona kitu. Wangeondoka, mjomba. Nakuapia wangeondoka.

Halafu mtu akapiga hodi. Hakupiga kelele. "Hodi wenyewe. Hodi jamani. Hodi." Kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuazima kinu. Mkono wa mama mdomoni kwangu ukalegea. Halafu mmoja wetu akaitikia, "Karibu." Basi, bunduki zikaelekea ilikotoka sauti.

Nilibaki chini ya mama. Mengine unayajua, wewe ndiye uliyenitafuta huku kwa wakimbizi, ukanichukua, ukanilea, ukanisomesha. Nilikuwa sijawahi kukuona kabla ya hapo. Nilimshukuru Mungu kwamba ukoo umebakiza mwanaume mmoja, na ni mwema.

Filipo hawajamfunga. Wamemwamuru awachotee maji wajane. Wazee wanasema watoto wanamfuata njiani wakiimba, "Hodi hodi Filipo, leo unatuletea nani?" Mwanzo alikuwa anawafukuza. Sasa hafukuzi.

Naomba ruhusa yako. Safari hii jibu ninachouliza.

Modesta


Ufukoni,
9 Julai 1978

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima. Kusi inavuma, na Helena anatembea bila fimbo.

Nimejaribu kuandika barua hii mara kadhaa. Sina mengi. Waandikie wale wazee kwamba siye Filipo. Filipo si wa ukoo wetu. Kichaka kile ukipita nje ni miiba mitupu, hakuna mgeni anayejua mlango wake, na wageni hawaingii kwenye makaburi ya watu. Yeye alikuwa anauza chumvi yake barabarani na kuondoka. Hakuujua mlango. Waambie wamwache, na wale watoto wakatazwe kuimba.

Usiende wewe. Barua inatosha.

Mjomba wako,
Mathayo


Nanyamba,
23 Julai 1978

Mjomba,

Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru, sikusoma sana, lakini kujumlisha najua. Kama aliyewaleta aliujua mlango wa kichaka, basi ni wa ukoo wetu. Na alikuwa mwanaume, sauti ilikuwa ya mwanaume. Wanaume wa ukoo wetu nimewaulizia mmoja mmoja kwa wale wazee. Walikuwa msituni, wengine walishakufa. Amebaki mmoja aliyekuwa kwingine.

Kwa heshima sitaandika jina lake. Aandike mwenyewe.

Modesta


Ufukoni,
15 Agosti 1978

Modesta,

Huku wazima. Hiyo ndiyo salamu niliyo nayo.

Ni mimi.

Nimeshaliandika, sasa ngoja niandike na mengine, maana nikiacha hapo utanitafutia sababu, nakujua una moyo wa mama yako. Usinitafutie. Hawakunifunga kamba. Hawakunishikia bunduki kichwani. Nilikuwa mkalimani wao.

Nilisoma misheni, nikajua Kireno kidogo, bomani wakanichukua nikiwa kijana. Walinipa nguo za kaki na baiskeli. Nataka ujue niliipenda ile baiskeli. Nilikuwa nikipita vijijini wazee wananiondokea njiani, wenye rika la baba yangu, na mimi napiga kengele. Wewe ulizaliwa nikiwa huko, ndiyo maana hukunijua. Mama yako alinitumia maneno niache kazi ile. Nikamjibu kwa huyo huyo aliyemtuma kwamba wivu wa wanawake haujengi nyumba.

Vita ilipoanza, vijiji vikahama vikaingia porini. Wareno wakajenga vile vijiji vya waya, wanataka watu wote wakae humo ndani wasiwapelekee chakula wapiganaji. Kazi yetu ikawa kutafuta watu. Siku ile kapteni alinambia, "Hawa watu wako wako wapi? Tuwachukue tuwapeleke kwenye waya, wapate chakula na dawa." Nilimwamini. Hapana, ngoja. Nilitaka kumwamini. Nilishaona vijiji viwili vya kabla ya hapo, nilijua kinachotokea akikasirika. Lakini nilijiambia kwa ndugu zangu itakuwa vingine, kwa sababu nipo mimi.

Nikawapeleka kichakani. Tukasimama nje. Kapteni akasema, "Waite watoke." Askari mmoja akaanza kupiga kelele kwa Kimakonde kibovu, "Tokeni! Tokeni!" Kimya. Kapteni akachoka, akatazama saa. Ulivyosema ni kweli, wangeondoka. Kapteni alishageuka.

Mimi ndiye niliyesema, "Ngoja."

Hakuna aliyenifundisha neno lile, Modesta. Hilo lilitoka kichwani mwangu mwenyewe. Niliwaza, ukimpigia mtu kelele anazidi kujificha. Lakini Mmakonde mwenye mama, ukimpigia hodi hawezi kukuacha umesimama nje. Adabu itamshinda. Na nilifurahi kwa kuwaza hivyo. Hilo ndilo ambalo sijamwambia padri wala mke wangu. Nilipopiga hodi ya tatu na mtoto akaitikia ndani, nilimwangalia kapteni hivi, kama mwanafunzi aliyepata jibu. Nilikuwa bado namwangalia yeye waliposhika bunduki.

Sikuingia kuona. Nilikaa barabarani. Usiku uliofuata nikaiacha baiskeli, nikavuka mto nikaja huku, nikawaambia watu mimi ni mkimbizi, wakanipokea kama mkimbizi. Niliposikia mtoto wa dada yangu Felista yuko hai, nikakufuata. Kila mtu aliniita mjomba mwema, na wewe pia, na mimi nikaitika.

Tangu siku ile sijapiga hodi kwenye mlango wa mtu.

Yule mtoto aliyeitikia sikumjua ni wa nani. Sikuthubutu kuuliza. Alikuwa na sauti nyembamba, na aliitikia vizuri.

Mathayo


Nanyamba,
1 Septemba 1978

Kwa Ndugu Mathayo Namwewe,

Nakuita Ndugu kama tunavyoitana mkutanoni. Lile jina jingine limekataa kutoka kwenye kalamu.

Aliyeitikia ni mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alinifunza kwamba mtu akipiga hodi asiachwe mlangoni, hata awe na ukoma. Nikaitikia kama nilivyofunzwa, na baada ya hapo mama akawa mzito juu yangu. Kwa hiyo tangu utoto najua kwamba niliwaua mimi. Sijamwambia mtu. Umenilea nyumbani kwako nikila chakula chako, nikikutazama kwenye kiti chako, nawaza: huyu mtu mwema akijua kwamba nimemuua dada yake, atanifukuza. Nilikuogopa kwa sababu hiyo! Mgeni akipiga hodi nilikuwa nakimbilia uani, na mama Helena akisema "mtoto ana haya". Darasani kitabu kikifika kwenye neno karibu namwambia Bibi Mwajuma asome yeye, anadhani nampendelea.

Kosa lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa mezani na mimi. Ungenambia siku moja tu, hata ukiwa umelewa. Ungeniondolea miaka yote hii.

Na kuna jingine. Nilikuandikia kwamba mkono wa mama ulilegea. Miaka yote sikujua kwa nini, alikuwa amenibana mpaka meno yananiuma. Sasa najua. Aliijua sauti yako. Alidhani kaka yake amekuja.

Mkutano ni tarehe thelathini. Filipo atasimamishwa mbele ya watu, na asipopatikana mwingine watamhukumu. Mimi sitakwenda kukusemea. Mdomo unao.

Modesta


Ufukoni,
12 Septemba 1978

Modesta,

Nimekubali hilo la Ndugu. Hata hilo ni kubwa kwangu.

Barua yako nimeikalia siku nzima getini, Omari akalinda peke yake. Aliniona, akaanza utani, halafu akauacha katikati.

Sikujua kwamba ni wewe. Ningejua nisingefanya vingine, nadhani. Ningezidi kunyamaza. Nakuandikia hivyo kwa kuwa nimechoka kukuandikia uongo. Na la Felista silijibu. Nikilijibu nitakuwa najililia mwenyewe, na mimi si wa kuliliwa.

Nimemwambia Helena. Alikuwa anapepeta mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo uko mkononi. Akasema, "Miaka yote hii nimelala na nani?" Nikasema, "Na mimi." Akasema, "Wewe nani?" Baadaye akanifungia nguo zangu kwenye kitambaa. "Nenda ukaseme. Ukimaliza usije hapa mpaka nikuite. Nisipokuita, usije."

Nilifikiri kukimbia. Ukweli ni huo. Kuna meli inakwenda Dar, nahodha wa mashua ya kupakulia nafahamiana naye. Nilifika mpaka gatini. Nikawawaza wale watoto wanaimba nyuma ya mtu na ndoo yake ya maji, na jina lililo kwenye wimbo siyo lake.

Nitapita Kitaya nivuke hapo. Sikuombi unisindikize.

Mathayo Namwewe


Nakitenga,
29 Oktoba 1978

Modesta,

Ulikuwepo, ulikaa nyuma na wanawake, najua uliyaona. Lakini uliondoka kabla ya jua kuzama na hukusikia mwisho wake, na wazee wameniagiza nikuandikie, maana mwisho wake unakuhusu.

Nilisimama nikasema, uliniona. Nilitegemea mawe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, na nilipokwisha kusema la baiskeli niliyataka. Yule mtu wa chama aliniuliza, "Nani alikutuma useme hodi?" Nikasema hakunituma mtu. Akauliza tena, nadhani alitaka kunisaidia. Nikasema tena.

Ndipo ukasimama wewe kule nyuma ukasema, "Aliyeitikia ni mimi." Mimi sikujua kwamba utasema. Na yule bibi kipofu, Bibi Magreth aliyepoteza binti zake mle ndani, akauliza huyo ni nani, wakamwambia ni wa Felista. Umeyasikia mwenyewe maneno yake, lakini nayaandika yawe kwenye karatasi, uyatunze: "Mtoto akipigiwa hodi, anaitikia. Asingeitikia ningeuliza nani kamlea. Kaa chini mwanangu, umesimama siku nyingi." Ukakaa. Nikaona umejifunika khanga usoni, halafu ukaondoka.

Baada ya hapo mtu wa chama akasema nitapelekwa kambini kulima. Watu wakapiga makofi kidogo. Filipo akanyoosha mkono. Amezeeka sana, Modesta, ni rika langu lakini utadhani baba yangu. Akasema, "Kambini atalima, atakula, atalala. Mimi nimeimbiwa mwaka mzima. Naomba neno."

Wakamwambia aseme.

"Huyu anajua kupiga hodi. Basi apige. Apite kila mlango wa mtu aliyefiwa kichakani, mchana, watu wakiona. Apige hodi tatu, aseme jina lake na alilolifanya. Mwenye nyumba akitaka ataitikia. Asipotaka, huyu asimame pale pale mpaka jua lizame, ndipo aondoke. Akimaliza milango yote, mpelekeni mnakotaka."

Mzee mmoja akacheka, "Filipo, wewe ni mkatili kuliko Mreno." Filipo akamjibu, "Mreno hakujua desturi."

Wakakubali. Nimeanza. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kwa watu nafungua mdomo kama samaki, na watoto wamejaa nyuma yangu. Mwenye nyumba akasema kutoka ndani, "Kichakani ulikuwa fundi. Piga." Nikapiga. Hakuitikia. Wengine wameniitikia ili wanitukane, na hao nawashukuru. Mmoja alinikaribisha, akanipa kiti, akaniwekea maji, halafu akakaa mbele yangu akanitazama mpaka nikaomba kuondoka. Akasema, "Bado." Bibi Magreth aliniambia nipige tena na tena, zaidi ya tatu, kisha akasema, "Ndiyo hiyo. Hiyo sauti hata mimi ningeiitikia." Akafunga mlango.

Kwa Filipo nimekwenda bila kuagizwa. Alikuwa uani anasuka mkeka. Hakugeuka. Alisema, "Mimi sikufiwa kichakani. Mlango wangu haumo." Nikasimama hivyo hivyo. Watoto hawamfuati tena.

Mlango wa mwisho ni wako, ndiyo maana ya barua hii. Wamenipa mtu wa kunivusha na kunirudisha. Nitakuwa Nanyamba mwishoni mwa mwezi ujao. Hukuchagua kuwa kwenye jambo hili, na ukituma neno kwamba nisije, wazee watalipokea.

Mathayo


Nanyamba,
3 Desemba 1978

Kwa Mathayo,

Natumaini umefika salama na mtu wako wa mto. Huku korosho tumeshaanika, siyo nyingi lakini safi. Mama Helena alipita wiki iliyopita, akalala hapa siku mbili. Hakukutaja na mimi sikukutaja. Mguu wake ni mzima.

Nakuandikia ujue kwamba nilikuwa ndani. Usije ukajifariji kwamba nilikwenda shamba. Nilikuwa nimekaa kitandani, nikasikia hodi zako zote tatu, na jina lako, na yote uliyoyasema mbele ya majirani. Hukupunguza kitu. Nilikuona kwenye upenyo wa mlango, umesimama juani na kofia mkononi. Bibi Mwajuma alikuletea kigoda ukakataa. Nilikutazama mpaka jua likazama. Ulipogeuka kuondoka niliinuka, nikafika mlangoni, mkono ukashika komeo, ukabaki hapo. Sikuitikia. Sijui kama nitaitikia ukija mwaka kesho, au mwaka wowote. Usinisubiri na usinisukume.

Lakini kuna jambo ambalo una haki ya kulijua, maana wewe ndiye uliyelirudisha, hata kama hukulirudisha peke yako.

Asubuhi yake nilikuwa natwanga. Jirani akaja kuazima chekeche, akapiga hodi kwa nguvu kama kawaida yake, na mimi nikasema "Karibu" na mchi uko hewani. Nilimpa chekeche, akaenda zake. Nikaendelea kutwanga. Nilishafika katikati ya kinu ndipo nilipojisikia nimesema nini.

Modesta